Sambaza, ndakala, lumbu: namna ya kuwatofautisha na kuwapika

Ku soko za Bukavu, Goma na Uvira, watu wengi wanaita samaki wote wadogo kwa jina moja. Lakini kwenye meza ya muuzaji kuna aina mbalimbali. Asiyezijua anaweza kulipa bei ya sambaza kwa samaki mwingine, ao kuharibu chakula cha jamaa nzima kwa sababu ya muchanga.

Sambaza na lumbu

Sambaza anavuliwa ziwa Kivu, lakini kwao ni Tanganyika. Aliletwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu haikuwa na samaki wa kula vidudu vidogo vya katikati ya ziwa. Ndakala naye alijaribiwa, lakini hakudumu. Kwa hiyo sambaza wa Goma na lumbu wa Uvira ni samaki mmoja. Ana rangi ya feza na mwili mupana kidogo. Katika Tanganyika anaweza kupita santimetre 15, katika Kivu anabaki mudogo zaidi.

Ndakala

Huyu ni wa Tanganyika. Ni mwembamba, mara nyingi hapiti santimetre 10. Kalemie na Lubumbashi wengine wanamuita fretin. Mbali na ziwa anauzwa akiwa mukavu.

Rwanda rushya

Huyu alifika Kivu nyuma ya sambaza, katika miaka ya 2000 njo wavuvi walianza kumuona. Akiwa mubichi ana madoa ya bluu yanayong'aa ubavuni, na anapenda fasi za mawe. Muuzaji akimuchanganya na sambaza, madoa hayo yanamufichua.

Kuchagua

Samaki mubichi awe na macho maangavu na ngozi inayong'aa, tumbo lisiwe limepasuka. Sambaza anavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo anunuliwe asubuhi. Wakati wa mwezi mkubwa taa haivuti samaki vizuri, njo maana bei inapanda. Ndakala mukavu avunjike akikunjwa. Akipindika tu, bado ana maji na ataoza.

Kupika

Sambaza: osha kwa chumvi na ndimu, acha maji yatoke yote, kisha kaanga kidogo kidogo ndani ya mafuta ya moto sana. Ukijaza sufuria, mafuta yanapoa na samaki wanavunjika. Wanaliwa na kichwa na mifupa, pamoja na bugali na pilipili.

Ndakala: toa vichwa, kaanga bila mafuta dakika chache ili muchanga uachane na samaki, pepeta, kisha osha mara tatu kwa maji ya vuguvugu. Chota samaki kwa mukono, usimwage maji pamoja nao, maana muchanga unabaki chini. Ndipo utie ndani ya nyanya na kitunguu, ao ndani ya sombe yenye mawese. Onja kwanza, kwa sababu wengine wamewekwa chumvi.

Kwa nini ukubwa ni muhimu

Mifupa ya samaki hawa inawapa watoto kalsiyumu, na kwa nyumba nyingi nyama ni ghali. Lakini sambaza anazalia karibu na kando. Chandarua ya mbu ikivutwa pale, inabeba watoto wake wote. Munuzi akikuta lundo la samaki wadogo kama sindano, akiliacha, anasaidia soko la mwaka unaokuja.