Nikeli ya kwetu na mzinga usiotumia baruti

Nilipotea kidogo, msuli umenibana. Jana niliwasilisha mada darasani: superkondakta za joto la juu kwenye mitambo ya kurusha vitu kwa sumaku-umeme. Jamaa mmoja akadakia, "Sasa hiyo na kwenu Ngara wapi na wapi?" Darasa zima kicheko. Nilikosa jibu, ndo maana naandika.

Wazo lenyewe la zamani. Kristian Birkeland wa Norway alisajili mzinga wa umeme mwaka 1901. Alipouonyesha hadharani 1903 ukapiga shoti, watu mbio! Jeshi la majini la Marekani lilifikisha megajuli 33 mwaka 2010, likauacha mradi 2021.

Shida ni kupata umeme mwingi kwa ghafla. Chukua Rusumo, pale kwetu mpakani na Rwanda: megawati 80 za nchi tatu. Mitambo yake yote ingetoa megajuli 33 kwa karibu nusu sekunde. Mzinga unazitaka ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde, yaani megawati 3,300. Hata Bwawa la Nyerere lenye 2,115 halifiki! Lazima uweke akiba kwanza. Ndipo inakuja koili ya superkondakta: mkondo unazunguka humo bila ukinzani, hadi uuachie.

Ila kupoza ilikuwa balaa. Heike Kamerlingh Onnes alipogundua jambo hili kwenye zebaki mwaka 1911 alihitaji heliamu, kelvini 4 hivi. Mwaka 1986 Bednorz na Müller wakaja na kauri ya kelvini 35 hivi, na 1987 ikapatikana ya 93. Hapo naitrojeni ya kimiminika, kelvini 77, inatosha. Ni ileile anayobeba bwana mifugo kwenye mtungi wa mbegu za ng'ombe, jamani.

Sasa sikia. Kauri inavunjika ovyo, kwa hiyo huwekwa kama utando juu ya utepe wa chuma, na mara nyingi utepe huo ni aloi ya nikeli. Nikeli! Babu alibeba sampuli za mawe Kabanga miaka ya 70, akaambiwa mgodi uko njiani. Mkataba wa serikali na Kabanga Nickel ukasainiwa Januari 2021, babu keshazikwa. Jiwe lake moja bado linazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Likizo hii nalibeba, nikamwekee yule jamaa mezani.