Jalada Kabla ya Doria: Uanagenzi wa Ulinzi wa Wanyamapori kutoka Miasenyi hadi Mahakama ya Voi

Mwanafunzi anayeomba uanagenzi katika ulinzi wa wanyamapori eneo la Tsavo aghalabu huwazia doria: sare, gari la wazi, nyayo za majangili kwenye vumbi jekundu. Wanaompokea nao humpeleka huko huko, kwa kuwa doria ndiyo kazi inayoonekana. Dai la makala hii ni kwamba uanagenzi wa namna hiyo humweka mwanafunzi mbali na pale ambapo kesi nyingi hufia, yaani kwenye maandishi, kati ya kichaka na kizimba.

Miasenyi ni mahali pafaapo kulipima dai hili. Ipo mashariki ya Voi, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na ina stesheni yake ya reli ya SGR. Kaskazini kuna Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Mashariki. Kusini kuna ranchi, Rukinga ikiwa mojawapo, ambazo ndovu huzipitia wakienda na kurudi kati ya Tsavo Mashariki na Magharibi. Takriban asilimia 62 ya kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga hizo mbili, na wakazi hubanana na mifugo yao katika kipande kilichobaki. Ndani ya mbuga, kuingia bila kibali ni kosa lenyewe. Ranchini, ambako watu hupita kutafuta kuni na malisho, shtaka la uwindaji hutegemea kilichopatikana, kilipatikana wapi, na kilikuwa mikononi mwa nani.

Tuchukue tanzi. Ni waya uliofungwa kwenye shina, duara lake likiwa usawa wa shingo ya digidigi. Askari hodari huliona, hulikata, hulitia mkobani, na mnyama wa kesho ameokoka. Kwa mwendesha mashtaka, hata hivyo, tanzi lisilopigwa picha likiwa bado mtini, lisilo na vipimo vya GPS, saa, lebo wala sahihi ya aliyelikata, ni waya tu. Kutoka mkobani litaingia garini, kisha ghala la vielelezo, na kila aliyelipokea lazima aandikwe. Pakiwa na pengo, wakili wa utetezi atapitia hapo hapo, naye atakuwa na haki. Isitoshe, Ibara ya 49 ya Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi ya mahakama inayofuata ikiwa muda huo utaishia nje ya saa za mahakama, na saa hizo huanza kuhesabiwa akiwa bado porini, mbali na lami.

Uzito wa jambo hili umekwisha kuthibitika. Shirika la WildlifeDirect lilipochunguza kesi za miaka ya 2008 hadi 2013 katika mahakama 18 nchini, liligundua kwamba ni asilimia 4 tu ya waliotiwa hatiani kwa makosa dhidi ya wanyamapori ndio waliofungwa jela, na majalada mengi hayakupatikana kabisa. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ilijibu kwa ukali: faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu spishi zilizo hatarini. Lakini adhabu kali haiwezi kuziba pengo la ushahidi. Mnamo Julai 2016 mahakama ya Mombasa ilimhukumu Feisal Mohamed Ali miaka 20 katika kesi ya pembe za ndovu zenye uzito wa zaidi ya tani mbili. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachilia, ikitaja kasoro katika ushahidi na mwenendo wa kesi. Kwangu mimi, hukumu ile ya rufani ingestahili kusomwa na kila mwanagenzi kabla hajapewa buti.

Ninachopendekeza ni uanagenzi unaofuata jalada. Mwanafunzi aanze na kesi zilizokwisha kuamuliwa, ajue kila moja ilifaulu au ilishindwa wapi. Kisha aende na kikosi hadi tanzi linapokatwa, aandike maelezo yake ya mazoezi, ayalinganishe na ya askari. Mwisho aketi katika Mahakama ya Voi kesi za aina hiyo zikisikilizwa. Chuo cha Utekelezaji wa Sheria cha Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS) kipo Manyani na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kipo kaunti hii hii. Masafa si kisingizio.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la usalama wa ushahidi: mkono wa ziada ni mwanya wa ziada. Nalikubali, na ndiyo maana mwanagenzi hapaswi kugusa kielelezo cha kesi hai wala kusoma taarifa za kijasusi. Majalada yaliyofungwa hayana hatari hiyo, na mahakama ni ya wazi kwa kila raia.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana: kumwona mshtakiwa kama mtu. Ulinzi wa Tsavo ulijengwa kwa kuwakamata Wawaata, wawindaji wa upinde, katika kampeni ya 1956 na 1957 iliyoongozwa na maafisa wa mbuga David Sheldrick na Bill Woodley. Wengi walifungwa kwa kazi iliyokuwa riziki ya mababu zao. Mwanafunzi anayesoma jalada humkuta mshtakiwa akiwa na jina, umri, kijiji na maelezo yake mwenyewe. Kwenye doria humkuta kama nyayo. Askari atakayekuwa amelisoma jalada hilo atakamata kwa makini zaidi, na atajua kutofautisha mchuuzi wa nyamapori na mama aliyeingia ranchini kutafuta kuni.

Yote haya yanahitaji posho. Uanagenzi usiolipwa huwachuja waombaji kwa mifuko ya wazazi, na wanaochujwa kwanza ni watoto wa Miasenyi, Maungu na Sagalla, ambao mashamba yao hukanyagwa na ndovu na ambao wazee wao huitwa mashahidi. Kaunti na mashirika yanayonufaika na ardhi hii yawatengee watoto hao nafasi, pamoja na nauli na chakula, kabla ya kutangaza nafasi hizo Nairobi.