Nia ya kosa katika ujumbe wa kielektroniki (Kenya)

Nia ya kosa ni hali ya akili ya mshtakiwa ambayo upande wa mashtaka hulazimika kuithibitisha pamoja na kitendo chenyewe. Nchini Kenya suala hili lilizuka kupitia Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichoharamisha kutuma ujumbe wa kuudhi mno, wa aibu, mchafu au wa kutisha. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Maneno hayo hayakufafanuliwa. Linalomuudhi mmoja, mwingine hulicheka. Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba: hakikueleweka vyema, kilibana uhuru wa kujieleza, na kiliunda kosa bila kudai nia.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 ilirudi kwa tahadhari zaidi. Kifungu cha 27 kinataka mawasiliano yawe ya makusudi, na mtumaji awe alijua, au alipaswa kujua, athari zake. Hayo “alipaswa kujua” yanalegeza kipimo kwa kiasi kikubwa. Faini yake hufika shilingi milioni 20, na kifungo miaka 10.