Unataka Kusoma Vitabu vya D&D kwa Skrini? Cheki Hizi Kabla Utoe Doo

Kama wewe na mbogi yako mmeshikwa na Dungeons & Dragons, unajua vile vitabu vyake ni vizito kubeba kwa matatu. Lakini usikimbilie skrini yoyote tu.

Saizi: Ukurasa mmoja ni karibu inchi 8.5 kwa 11, yaani karibu inchi 14 kona hadi kona. Kindle ya inchi 6 ni tamu kwa riwaya, lakini PDF ya gemu itabanwa mpaka herufi zikae kama sisimizi. Tafuta inchi 10 kwenda juu.

Kindle ama tableti? Kindle haichoshi macho na chaji inakaa wiki kadhaa. Shida ni kuruka kurasa: inajikokota wakati wasee wanakungoja mezani. Hata Kindle Scribe ya inchi 10.2 inakuonyesha ramani bila rangi. Tena, vitabu kamili vya D&D ya siku hizi haviuzwi kwa PDF; vinasomwa D&D Beyond, programu ya simu na tableti. Hapo tableti inashinda.

Jaribu kwanza: Kanuni za msingi, SRD 5.1, zilitolewa bure chini ya Creative Commons mwaka wa 2023. Ni PDF ya kurasa 403. Ifungue dukani, ruka kutoka ukurasa wa 10 hadi 300, kisha tafuta neno "fireball". Ikigandaganda, rudisha tableti ya watu na uishie na doo yako.