Kura mia za jina langu

Desemba 2020, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilinunua jina. Halikuwa jina la biashara wala la tovuti. Lilikuwa jina la kutembea nalo ndani ya Decentraland, mji wa mchezo uliojengwa juu ya blokucheni ya Ethereum. Ada yake ilikuwa MANA 100, na MANA ndiyo sarafu ya mji huo. Wakati ule MANA moja haikufika senti 10 za dola, kwa hiyo jina lilinigharimu kama nauli ya basi kwenda Morogoro na kurudi, ukiacha ada ya mtandao, ambayo siku ile ilizidi bei ya jina lenyewe. Mama yangu mpaka leo hajaelewa kwa nini mtu mwenye jina la ubatizo na la ukoo anunue la tatu.

Pamoja na jina nilipata kitu ambacho sikukitafuta: haki ya kupiga kura. Nguvu ya kura 100.

Ili ieleweke kwa nini mchezo una kura, lazima turudi nyuma kidogo. Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, amewahi kuandika kwamba alicheza World of Warcraft kuanzia 2007 hadi 2010, mpaka siku kampuni ya mchezo ilipoondoa sehemu ya nguvu ya uchawi alioupenda mhusika wake. Anasema alilia mpaka akalala, kisha akaacha kucheza. Sijui kama alilia kweli au anatutania, lakini aliyewahi kucheza michezo ya mtandaoni anaijua hali hiyo. Unajenga kitu kwa miaka, halafu asubuhi moja watu usiowajua, katika ofisi usiyoijua, wanabadilisha kanuni, na huna pa kwenda kulalamika.

Decentraland iliahidi mji usio na ofisi ya namna hiyo. Waliouanzisha ni Waajentina wawili, Ariel Meilich na Esteban Ordano. Agosti 2017 waliuza MANA kwa umma na kupata zaidi ya dola milioni 20 kwa muda mfupi mno. Ramani ya mji ilipimwa kwa viwanja 301 kwa 301, yaani viwanja 90,601, na idadi hiyo haikukusudiwa kuongezeka. Mji ulifunguliwa kwa umma Februari 2020, na uamuzi juu ya mambo yake ukawekwa chini ya chombo kinachoitwa DAO: ruzuku kwa wajenzi, seva zipi ziruhusiwe kubeba mji, majina gani ya matusi yafungiwe, maeneo gani yaonyeshwe kwa wageni.

Kanuni ya kura ilikuwa fupi. MANA moja, kura moja. Kiwanja kimoja, kura 2,000. Jina moja, kura 100.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona imetungwa kwa akili. Mwenye kiwanja anajenga na kukaa, kwa hiyo anapewa uzito kuliko anayeshika sarafu akisubiri bei ipande. Na asiye na kiwanja, mtu kama mimi, angalau jina lake linamfanya asikilizwe. Ilinichukua muda kuona kwamba jina nalo lilikuwa mali tu. Hakuna kilichomzuia mwenye pesa kununua majina hamsini, na mji usingejua kwamba hamsini hao ni mtu mmoja.

Hapo ndipo penye fundo, na sitaki kulipita haraka, kwa sababu wakosoaji wengi wa sarafu za kidijitali hulipita. Si kwamba matajiri walikaa usiku wakapanga njama. Blokucheni haioni watu, inaona pochi. Kutengeneza pochi mpya ni kazi ya dakika moja na ni bure. Ukitangaza kesho kwamba kila pochi ina kura moja, kesho kutwa mtu mmoja atakuja na pochi elfu kumi. Kitu pekee kisichoweza kuzidishwa kwa hila ni mali, basi mali ndiyo inayohesabiwa.

Nilipiga kura mara nne kwa jumla. Haikuwa na gharama. Unatia sahihi kwa pochi yako kupitia mfumo wa Snapshot, na kura inahesabiwa nje ya blokucheni. Mara ya kwanza nilibonyeza “ndiyo” kwenye ombi moja la ruzuku, nikaukodolea macho mstari wa matokeo. Haukusogea hata unywele. Nilifungua orodha ya wapiga kura nikaona pochi moja upande wa pili ina kura nyingi kuliko sisi wote wenye majina tuliokuwa pale tukijumlishwa. Sikuudhika, nakiri. Nilivutiwa. Kila kura ilikuwa wazi, nani kapiga, kwa uzito gani, saa ngapi. Katika uchaguzi wa serikali ya wanafunzi chuoni kwetu hatukuwahi kuonyeshwa hata karatasi moja.

Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ilijibadilisha jina kuwa Meta, na dunia nzima ikaanza kutafuta miji ya namna hii. Mwezi uliofuata MANA moja ilipita dola 5. Jina langu la nauli ya Morogoro sasa lingemgharimu mgeni zaidi ya dola 500. Kanuni haikubadilika hata neno: jina moja, kura 100, ada MANA 100. Ila bei ya kuwa mpiga kura ilikuwa imepanda zaidi ya mara 50 ndani ya mwaka mmoja, bila mtu yeyote kuipigia kura.

Katika joto hilo ndipo nilipokwenda nyumbani Kihonda, Januari 2022, na kufanya kosa ninaloliandikia makala haya.

Mama yuko kwenye kikoba. Wakati ule kilikuwa na wanachama 28, wengi wao wanawake wa mtaani. Kila Jumamosi wananunua hisa, si chini ya moja, si zaidi ya tano, shilingi 2,000 kila moja. Pesa zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanazo wanachama watatu, na sanduku linalala kwa wa nne. Mfumo huu hawakuubuni wao. Ulianzia Niger mwaka 1991, katika mradi wa shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima. Hata Decentraland ilikuwa na kitu chake cha kufanana na sanduku hilo, maana kura ikishapita, kamati ya watu watatu wenye funguo za pochi ya pamoja ndiyo iliyoitekeleza. Nilipomwambia Mama, aliuliza sanduku lao linalala kwa nani.

Kikoba kilikuwa kinataka kuandika upya katiba yake, na mimi ndiye niliyekuwa na kompyuta. Waliokuwa wakinunua hisa tano kila wiki walikuwa na dukuduku. Pesa zao ndizo zinazokopeshwa kwa wingi, hasara ikitokea wao ndio wanaoumia zaidi, lakini katika kuamua mkopo kura yao ni sawa na ya anayenunua hisa moja. Lilikuwa dukuduku la haki kabisa. Na mimi, msomi wa familia, nikasema lipo jibu. Nikaandika Ibara ya 14: uamuzi wa mkopo unaozidi shilingi 500,000 utafanywa kwa kura zinazohesabiwa kwa hisa. Nikachora na jedwali. Ibara ilipitishwa kwa kunyoosha mikono, 17 dhidi ya 11, na wakanipigia makofi.

Mwaka huo mikopo mikubwa ilikwenda kwa wenye maduka. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyepindisha kitu. Wenye hisa nyingi walifahamiana kwa biashara, wakaaminiana, wakapitishana. Ombi la mama muuza vitumbua, aliyetaka kununua jokofu aanze na juisi, lilianguka mara mbili. Desemba, walipovunja sanduku na kugawana, wanachama sita hawakurudi kujiandikisha. Yeye alikuwa mmoja wao, na alikuwa mshika ufunguo tangu kikoba kilipoanza mwaka 2014.

Nilianza kusoma historia ya kura baada ya hapo, kwa aibu zaidi kuliko kwa udadisi. Nikakuta kwamba tatizo la pochi elfu kumi lina umri wa miaka mia mbili na ushee. Kampuni ya East India ya London, iliyokuja kuitawala India, iliwapa wenye hisa kura moja kwa atakayefikisha hisa za pauni 500. Ukiwa na pauni 50,000, kura bado ni moja. Kwa macho ya leo ni kanuni ya kiungwana. Lakini uchaguzi wa wakurugenzi ulipokuwa mkali, mwaka 1763, Robert Clive aligawa hisa zake vipande vya pauni 500, akawapa marafiki na vibaraka waende wakampigie kura. Inatajwa kwamba alitumia pauni 100,000, yaani kura 200. Wapinzani wake walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1767 Bunge likaamuru mtu awe ameshika hisa kwa miezi 6 kabla ya kupiga kura. Mwaka 1773 likasukuma mbele hadi miezi 12, likaongeza kiwango kiwe pauni 1,000, na likawapa wakubwa kura zaidi, lakini zisizidi nne. Alexander Hamilton, alipopanga benki ya taifa ya Marekani mwaka 1790, naye alitafuta njia ya katikati: kura ziongezeke kadiri hisa zinavyoongezeka, ila polepole zaidi na zaidi, na asiwepo wa kuzidi kura 30.

Wapo wahandisi wa blokucheni ambao siku hizi wanapendekeza karibu hilo hilo, kwamba kura ziwe kipeuo cha pili cha mali, mwenye 10,000 apate 100. Na kila mara wanakwama palepale alipowakwamisha Clive. Mwenye 10,000 akizigawa kwenye pochi mia za 100 kila moja, kila pochi itapata kura 10, naye atakuwa na kura 1,000.

Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844, hawakuhitaji hesabu hizo. Waliandika mwanachama mmoja, kura moja, na waliweza kwa sababu walikuwa wanajuana sura. Clive asingeweza kuingiza Rochdale wafumaji 200 wa bandia. Kihonda pia asingeweza. Wanachama 28 wanaojua watoto wa kila mmoja na madeni ya kila mmoja hawana hofu ya pochi za uongo. Nilichobeba kutoka kwenye mchezo hadi kwenye kikoba cha mama yangu kilikuwa dawa ya ugonjwa ambao kikoba hakikuwa nao.

Kuna kisa kingine cha mwaka huo ambacho nilikifuatilia kwa makini zaidi kuliko masomo. Axie Infinity, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, ulikuwa na blokucheni yake iitwayo Ronin. Pesa za wachezaji zilipita kwenye daraja lililolindwa na wahakiki tisa, na kutoa fedha kulihitaji sahihi tano. Kampuni ilikuwa na nne. Kwa hiyo kilichowatenganisha na uwezo wa kuamua peke yao kilikuwa sahihi moja tu. Novemba 2021 wachezaji walifurika, na DAO ya Axie, iliyokuwa na uhakiki wake, ikairuhusu kampuni itie sahihi kwa niaba yake ili kazi ziende. Desemba mpango huo ukakoma, lakini ruhusa haikufutwa. Tarehe 23 Machi 2022 wezi waliokwishapata funguo nne za kampuni wakaitumia ruhusa hiyo kupata ya tano, wakaondoka na ETH 173,600 na USDC milioni 25.5, zaidi ya dola milioni 600 kwa bei ya wakati ule. Hakuna aliyegundua mpaka siku sita baadaye, mchezaji alipojaribu kutoa pesa zake akashindwa. FBI ilisema walikuwa kundi la Lazarus la Korea Kaskazini.

Nilimsimulia Mama kisa hicho siku ileile. Swali lake lilikuwa moja: huyo wa tano alikuwa wapi?

Nilirudi Kihonda Januari 2023. Nilimkuta Mama hana raha. Naye alikuwa mshika ufunguo, na mama muuza vitumbua, alipoondoka, alimwachia wake, kwa kuwa wa tatu alikuwa safarini na hakutaka kuutupa ovyo. Kwa hiyo Mama alikuwa na funguo mbili kati ya tatu, zimefungwa kwenye pindo la khanga, na katiba niliyoichapa mwenyewe inasema mtu mmoja asishike mbili hata kwa usiku mmoja. Sanduku lilikuwa na pesa za majuma mawili tu. Aliniambia halali vizuri.

“Twende tukaurudishe,” akasema.

“Lakini si amejitoa?”

“Twende, mwanangu.”

Tulimkuta mwenzake uani, anapika vitumbua vya jioni. Mama alifungua pindo la khanga, akamwekea ufunguo juu ya mfuniko wa ndoo. Mwenyewe hakuugusa. Aligeuza vitumbua vyote, kimoja kimoja, akafuta mikono, kisha akaniangalia mimi na kuniuliza kama nimekuja na kompyuta.