Doa Jekundu la Yuglena

Yuglena ni kiumbe wa seli moja anayeishi kwenye maji ya madimbwi. Karibu na mzizi wa flajela, ule mjeledi anaoogelea nao, ana doa jekundu ambalo huitwa doa la jicho. Jina hili linanisumbua, kwa kuwa doa lenyewe haliupokei mwanga. Kinachoupokea ni kivimbe kidogo kilicho kwenye mzizi wa flajela. Doa kazi yake ni kukitilia kivuli. Yuglena huogelea huku akijizungusha, na kila akizunguka doa hukatiza kati ya mwanga na kivimbe, kikaingia kivulini, kisha kikatoka. Kwa kupishana huko kiumbe hujua mwanga unatoka upande gani, akaufuata. Mimi ningeliita kizibamwanga.

Jina hilo lingefaa hata kwa planaria, mnyoo bapa. Seli zake zinazohisi mwanga zimekaa ndani ya kikombe cha seli nyeusi, nacho kikombe huzuia mwanga wa pande zote ila upande mmoja. Planaria anahisi mwanga na anabaini utokako. Kusema kwamba anaona ni kumpa zaidi ya alichonacho.

Kuona kunataka taswira, na hapo ndipo inapoingia mboni. Katika usemi wetu mboni ni kitu cha thamani, cha kutunzwa. Kumbe ni tundu. Nautilo, jamaa wa pweza mwenye kombe, ndiye anayelidhihirisha hilo: jicho lake halina lenzi, mboni iko wazi, na maji ya bahari huingia hadi ndani. Tundu hilo latosha kuchora taswira, ingawa hafifu. Mwaka 1994 Dan-Eric Nilsson na Susanne Pelger, wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, walikadiria kwamba safari ya mageuzi ya kutoka tabaka bapa linalohisi mwanga hadi jicho lenye lenzi ingemalizika katika vizazi visivyofika 400,000.

Istilahi ninayoiheshimu kuliko zote hizi ni doa pofu. Nyuzi za neva katika jicho letu hupita mbele ya retina, zikakusanyika na kutokea nyuma mahali pamoja, na hapo hapana hata seli moja ya kupokea mwanga. Jina limesema kweli tupu. Jicho la pweza linafanana mno na letu, lakini lilijengeka kwa njia yake lenyewe, na neva zake hutokea nyuma ya retina. Pweza hana doa pofu.