Satelaiti Iliyoitwa Uhuru

Umeme unapokatika usiku hapa Babati, nyota hujaa juu ya ziwa letu kwa wingi usiohesabika. Juma hili tutafakari pamoja historia ya nyota za namna ya pekee, historia iliyopitia karibu nasi kuliko wengi tunavyodhani.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ya Kimarekani iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitaliano baharini, kaskazini ya Malindi. Ilibeba satelaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji, ikapewa jina la Uhuru. Pwani ile ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta, mahali ambapo kujizungusha kwa dunia huiongezea kasi roketi inayoelekea mashariki.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, ikatuachia orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Centaurus X-3, kilipiga kama moyo kila baada ya sekunde 4.8, na kila baada ya siku mbili hivi kikajificha nyuma ya nyota nyingine. Wataalamu wakatambua kwamba ni nyota ya nyutroni: mabaki ya nyota kubwa iliyokufa, yenye uzito kama wa jua au zaidi, uliobanwa katika tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alitunukiwa Nobeli mwaka 2002.

Mwaka 1974 Hulse na Taylor waligundua nyota mbili za namna hiyo zikizungukana na kukaribiana polepole, kama nadharia ya Einstein ilivyotaka. Basi ipo siku zitagongana. Je, mgongano huo ungetikisaje anga? Hesabu zake hazikuweza kumalizwa kwa kalamu na karatasi. Mwaka 2000 Shibata na Uryu wa Japani walichapisha mgongano ulioigwa ndani ya kompyuta kwa kuifuata nadharia hiyo kikamilifu. Kisha, tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya Marekani na Italia ikanasa mawimbi ya uvutano ya mgongano halisi, uliotokea umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Sekunde 1.7 baadaye ukafuata mmweko wa mionzi ya gama, na katika mabaki yake zikaonekana dalili za kuzaliwa kwa metali nzito, jamii ya dhahabu.

Tukiwa wakweli, historia hii ina uchungu wake. Jina lilikuwa letu, lakini vyombo, hesabu na tuzo vilikuwa vya wengine. Tena, mwaka 2023 satelaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kutoka California, ilhali ile ya Wamarekani ilikuwa imerushwa kutoka pwani yetu.

Hata hivyo tusikate tamaa. Takwimu za mawimbi yale ya 2017 ziko wazi kwa kila mtu, na baadhi ya programu za kuiga migongano hiyo hutolewa bure. Kinachohitajika zaidi ni hisabati na uvumilivu. Kwa hiyo, mtoto anapouliza juu ya nyota, tusimwambie kwamba mambo hayo ni ya Wazungu. Tumsimulie habari za Uhuru, kisha tumhimize ashike daftari lake la hisabati.